Datsun 240Z ya mwaka 1972 inazima ikishapata moto: nianzie kwenye mafuta au kwenye umeme?

Z ya Mjomba (Nairobi)

Habari zenu wenye magari ya zamani, na kwa wakubwa natanguliza shikamoo.

Gari ninaloliulizia ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani wa kulia, giaboksi ya spidi tano, injini yake ya asili ya L24 yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili za Hitachi za muundo wa SU. Lilikuwa la mjomba wangu huko Mombasa, na alipofariki familia ilikubaliana nilichukue mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi kila alipoingia chini yake. Kutu ya pwani ilikuwa imekula sakafu ya upande wa dereva na trei ya betri, lakini hayo fundi bodi ameshayamaliza na sikuja kuwasumbua nayo.

Shida yenyewe ni hii. Asubuhi linawaka kwa mguso wa kwanza, na kwa nusu saa linakwenda vizuri kabisa. Baada ya hapo, hasa nikikwama kwenye foleni au nikianza kupanda mlima, injini inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, kisha inazima. Jumapili iliyopita nilikuwa nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi, na nilipokaribia lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, likazima katikati ya malori. Niliegesha pembeni na kufungua boneti, wauza ngozi za kondoo wakaja kunishauri, na baada ya dakika 40 hivi likawaka lenyewe kana kwamba halikuwa na kosa lolote. Mshale wa joto la maji haujawahi kuvuka katikati, kwa hiyo siamini kwamba linachemsha.

Hadi sasa nimebadilisha plagi, koili, pointi za distribyuta pamoja na kondensa yake. Fundi wa kwanza alisema pampu ya mafuta imechoka, akafunga pampu ya umeme. Kwa siku mbili niliona nafuu, kisha hali ikawa mbaya kuliko mwanzo, na sasa likizima likiwa na moto nasikia harufu kali ya petroli. Fundi wa pili anasema ni gasketi ya hedi. Wa tatu ananishauri niitupe injini yote na kuweka 1JZ ya Toyota, jambo ambalo mjomba angefufuka kulizuia.

Nina fedha kidogo nilizoweka kwa ajili ya kuliboresha. Nilikuwa nafikiria kabureta tatu za Weber, au injini ya L28, na pia breki, maana kushuka ule mteremko kunanitia hofu. Je, nikibadilisha kabureta shida hii itaondoka pamoja na zile za zamani, au nitakuwa nimeihamisha tu? Nianzie wapi?

Oili na Vumbi (Nakuru)

Marahaba mwanangu. Kwanza funga hiyo fedha yako kwenye kitambaa na uiweke mbali, kwa sababu umeshanunua vitu vinne bila kujua gari linakosa nini, na cha tano utakinunua vivyo hivyo.

Injini ya petroli inapozima ikiwa na moto huwa imepungukiwa na kimoja kati ya viwili: cheche au mafuta. Ubaya ni kwamba ukishaegesha, ukafungua boneti na kuanza kusikiliza ushauri wa wauza ngozi, ushahidi unakuwa unapoa pamoja na injini. Kwa hiyo uchunguzi ufanyike wakati gari linakufa, si baada ya kufa.

240Z ina kifaa cha uchunguzi ambacho watu wengi hawajui kuwa wanacho, nacho ni tachometa yake. Katika magari haya umeme unaokwenda kwenye koili hupita kwanza kwenye tachometa, na mshale unasogea kwa kuhesabu mapigo ya umeme huo. Sasa basi, likianza kuzima tena, usikanyage klachi. Liache kwenye gia ili magurudumu yaendelee kuizungusha injini, na utazame mshale. Ukidondoka ghafla hadi sifuri huku gari bado linabiringika, umeme wa koili umekatika, na kabureta hazina hatia. Mshale ukibaki palepale, ukishuka taratibu kadiri mwendo unavyopungua, cheche ipo na kinachokosekana ni mafuta.

Kipimo cha pili ni choki. Injini inapoanza kukohoa, ivute kidogo. Ikipata nafuu hata kwa sekunde chache, mchanganyiko ulikuwa na hewa nyingi kuliko mafuta, maana yake petroli haifiki ya kutosha. Ikizidi kukohoa, ilikuwa imeshiba petroli kupita kiasi. Kipimo cha tatu ni kifuniko cha tangi: likizima, kifungue na usikilize. Ukisikia hewa ikifyonzwa kwa nguvu, njia ya tangi ya kupumua imeziba na pampu ilikuwa inavutana na ombwe. Cha nne ni kitambaa kilicholowa maji baridi, ukizungushe kwenye pampu na kwenye mabomba ya mafuta yaliyo karibu na kabureta. Gari likiwaka baada ya dakika tano badala ya 40, jibu umelipata.

Ukinilazimisha nitabiri, nitasema petroli yako inageuka mvuke kabla ya kufika. Tazama jinsi injini ya L ilivyopangwa: manifoldi ya kuingiza na ya eksozi ziko upande mmoja, wa kushoto, na kabureta zimekaa juu ya eksozi kama sufuria juu ya jiko. Pampu ya asili iko upande wa pili, mbele, na bomba la mafuta linazunguka mbele ya injini kuja kwenye kabureta, likiokota joto njia nzima. Ongeza na mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama nne ya tano tu ya ule wa Mombasa, na maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Petroli nayo huchemka mapema vilevile. Gari ambalo mjomba wako aliliendesha pwani kwa miaka bila kulalamika linaweza kulalamika Rironi, ambako ni zaidi ya mita 2,000, bila kitu chochote ndani yake kuwa kimevunjika.

Na kabureta zako bila shaka bado zimepangwa kwa hewa ya Mombasa. Chomoa plagi uzitazame. Zikiwa na masizi meusi makavu, mchanganyiko ni mzito. Nati iliyo chini ya kila kabureta huanzia mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Ukiipandisha unapunguza mafuta. Pandisha zote mbili kwa kipimo kilekile, robo ya mzunguko kila mara, na ukumbuke kuweka oili nyepesi ya SAE 20 kwenye vifuniko vya juu, kwa sababu nimeona watu wakitia oili ya injini nzito kisha wakishangaa gari kuchelewa kuitika.

Gasketi ya hedi uiache kwa sasa. Gari lenye gasketi mbovu halijitibu kwa kupumzika dakika 40.

Waya Mbili (Dar es Salaam)

Mzee Oili na Vumbi namheshimu, lakini anaikimbilia petroli kwa sababu kabureta ndizo mapenzi yake. Kaka, usiutupe umeme mapema.

Hiyo njia ya umeme kupita kwenye tachometa ambayo mzee ameisifu kama kipimo ni chanzo cha maradhi pia. Kiungio cha waya nyuma ya tachometa kikilegea, koili haipati kitu na injini inazima. Na kadiri dashibodi inavyopata joto, shaba inatanuka na kiungio kilicholegea kinaachia. Ikipoa kinashika tena. Ukisimulia dalili hizo, kila fundi atakuambia ni koili, nawe utanunua koili nyingine.

Kuna pia rezista inayokaa karibu na koili, ambayo kazi yake ni kupunguza umeme injini ikiwa inatembea. Wakati wa kupiga stata umeme huiruka rezista hiyo na koili hupata nguvu yote ya betri. Kwa hiyo gari likiwaka ukiwa umeshika ufunguo na kuzima mara unapouachia, rezista imekatika. Na kama fundi alikufungia koili inayohitaji rezista huku rezista yenyewe ameiondoa, koili hiyo itapata moto kupita kiasi na kukuangusha baada ya nusu saa ileile unayoisema. Soma maandishi yaliyo kwenye koili kabla ya kusema ni mpya na nzima.

Jambo la tatu ni ameta. Katika 240Z karibu umeme wote wa gari unapita kwenye ile ameta ndogo ya dashibodi, na taa kubwa nazo zinachukua umeme wake kupitia sanduku la fyuzi na swichi ya usukani badala ya kupitia rilei. Baada ya miaka 50 vibano vya fyuzi vimelegea, vinapata moto, na plastiki ya sanduku inayeyuka. Fungua kifuniko cha sanduku uguse kwa kidole baada ya kuendesha usiku. Kama huwezi kuacha kidole hapo, weka rilei za taa karibu na betri zenye fyuzi zake, ili swichi ibaki na kazi ya kuamrisha tu. Hayo ndiyo maboresho ya kwanza ambayo ningemshauri mtu yeyote mwenye gari hili, kabla hajanunua hata tairi.

Maskati (Muscat)

Salaam aleikum jamaa. Mimi nina 280ZX, ndugu mdogo wa gari lako, na huku joto la mchana wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40, kwa hiyo maradhi ya mvuke nayafahamu.

Swali langu ni moja tu, kwani hujaligusa: hiyo pampu ya umeme imefungwa wapi? Pampu za aina hiyo zinajua kusukuma, hazijui kuvuta. Mahali pake ni nyuma, karibu na tangi na chini ya usawa wa petroli. Fundi akiifunga mbele kwenye chumba cha injini kwa sababu hapo ndipo waya ulipokuwa karibu, itakuwa inavuta petroli kutoka nyuma ya gari, na mafuta yanayovutwa yanageuka mvuke upesi zaidi kuliko yanayosukumwa.

Kisha ulizia nguvu yake. Kabureta zako zinataka mgandamizo wa kama psi tatu na nusu hadi nne. Pampu ya psi saba itaisukuma ile sindano ya boya ifunguke na petroli ifurike, na hiyo inaweza kuwa ndiyo harufu yako. Na tafadhali, pampu ya umeme isifungwe kwa waya wa moja kwa moja wa ufunguo. Ukigonga kitu na injini ikazima, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya eksozi. Lazima kuwe na swichi inayoikata.

Lile bati la kukinga joto chini ya kabureta lipo? Mara nyingi mafundi hulitoa ili mkono upite, na halirudi tena.

Z ya Mjomba (Nairobi)

Nawashukuru nyote. Imechukua Jumapili mbili, na ninaandika kwa kirefu ili mwenye shida kama yangu asipitie njia niliyopitia.

Jumapili ya kwanza nilirudi mlima uleule na dada yangu akiwa kando, kazi yake ikiwa ni kutazama mshale wa tachometa tu. Lilipoanza kukohoa nilivuta choki, likapata nguvu, likaenda kama mita 300, kisha likafa. Sikukanyaga klachi. Mshale ulikuwa kwenye 1,500, ukashuka polepole pamoja na gari. Tulipofungua boneti, chujio la plastiki linaloonyesha ndani lilikuwa na mapovu yanayopanda kama soda iliyofunguliwa. Nilikunja taulo lililolowa juu ya pampu na kwenye bomba la kabureta, na baada ya dakika sita likawaka. Kwa hiyo mzee hakukosea.

Ndugu Maskati naye alikuwa kama amesimama pembeni yangu. Pampu ya umeme imefungwa mbele kabisa, kando ya rejeta, mahali panapopigwa na hewa yote ya moto. Bati la kukinga joto halipo. Lakini kilichonishangaza zaidi nilikiona nilipofuata mipira yote kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Reli ya mafuta ya kabureta ina njia ya pili, nyembamba, ya kurudisha petroli kwenye tangi. Fundi aliyefunga pampu aliukata mpira wa njia hiyo na kuuziba kwa boliti na klipu. Nilimpigia simu, akasema aliuziba kwa sababu "petroli ilikuwa inapotea kurudi nyuma".

Nilirudisha pampu ya asili, ambayo kumbe mjomba alikuwa na vipuri vyake kwenye kopo la maziwa ndani ya buti, nikaifungua njia ya kurudishia, na fundi wa jua kali pale Gikomba akanichongea bati jipya la kukinga joto kwa kufuata kielelezo cha karatasi. Jumapili ya pili nilipanda mlima bila kukohoa hata mara moja.

Ila jambo halikuishia hapo. Jioni hiyo, nikirudi mjini na taa zikiwa zimewashwa, injini ilikata mara mbili, ghafla, kama mtu aliyebonyeza swichi, na safari hii mshale ulidondoka hadi sifuri na kurudi. Nikamkumbuka Waya Mbili. Nyumbani nilitoa dashibodi nusu na kukuta kiungio kimoja nyuma ya ameta kimekuwa cha kahawia, na plastiki yake imelainika kama nta. Kwa maneno mengine nilikuwa na maradhi mawili yaliyokuwa yakipokezana zamu, na kila nilipotibu moja lingine lilinifanya niamini kwamba tiba haikufanya kazi.

Kiungio nimekibadilisha na rilei za taa nimeziagiza. Je, sasa naruhusiwa kufungua kile kitambaa cha fedha?

Oili na Vumbi (Nakuru)

Hongera. Ile njia ya kurudishia ndiyo inayoyafanya mafuta yatembee muda wote, hata injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kukanyagwa, ili petroli iliyoko kwenye reli isikae ikapikwa bali ibadilishwe na iliyo baridi kutoka tangini. Kuiziba ni sawa na kuziba mto na kungoja maji yabaki masafi. Ila hakikisha kwamba mwishoni mwa reli bado kuna tundu dogo la kupunguza mtiririko. Likikosekana, petroli yote itarudi nyuma na kabureta zitakaa na njaa ukikanyaga sana.

Kabla ya kumwaga fedha, pima pengo la valvu injini ikiwa na moto: milimita 0.25 kwa za kuingiza na 0.30 kwa za eksozi.

Bi Gia (Arusha)

Nimesoma uzi wote kwa raha, na kwa kuwa umeuliza kuhusu kitambaa, kaka, acha nikujibu mimi, kwa sababu nimeshafungua changu na najua kilichoteremka vizuri na kilichonikwama kooni.

Weber tatu nilizifunga. Ni nzuri kwa macho na kwa masikio. Lakini kila moja ina makoo mawili ya hewa, na kila koo lina jeti zake, yaani vitundu vya kupimia petroli, kwa hiyo ukitaka kupunguza mafuta kwa ajili ya mwinuko unanunua jeti sita za aina moja, unajaribu, unagundua zimepungua mno, unanunua sita nyingine. Kabureta za SU zina pistoni inayopanda na kushuka kulingana na hewa inayopita, na ingawa haziondoi kabisa tatizo la mwinuko, zinasamehe. Mtu anayelala Nairobi na kwenda Mombasa sikukuu atakuwa na Weber zilizopangwa vibaya katika mji mmojawapo. Usisahau kwamba gari la aina hii ndilo lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, mwaka ambao Mehta alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa naye kwenye Datsun, hadi mshindi akaamuliwa kwa kanuni ya kuvunja sare. Nchi ni hiihii uliyopanda wewe Jumapili, kwa hiyo ubunifu wa gari hauna kasoro ya mlima. Kasoro ilikuwa kwenye boliti yako.

L28 ni hoja yenye uzito zaidi, na nitakuambia kwa hesabu. Ina ujazo wa 2,753, yaani asilimia 15 hivi juu ya L24 yako. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 17. Kwa hiyo L28 ukiwa Nairobi inavuta hewa karibu sawa na L24 ikiwa Mombasa: haikupi gari la mashindano, inakurudishia lile alilokuwa nalo mjomba. Injini yenyewe unaweza kuipata kwenye Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980, ambazo wengi wamezing'oa injini hiyo na kuweka za dizeli. Boloku ni ya ukoo uleule, na vifungo vya injini yako vitaikubali, lakini sampu pamoja na bomba la kunyonyea oili uvihamishe kutoka injini ya zamani, kwa kuwa vya Patrol vimetengenezwa kwa ajili ya gari refu lenye nafasi nyingine kabisa chini. Watu watakushauri utafute krankshafti ya dizeli ya LD28 yenye mwendo wa milimita 83 ili ufikie lita tatu. Ni kweli inawezekana, na wamefanya wengi, ila ni safari ya pistoni za pekee na fundi wa lathe mwenye subira, si ya mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa anakunja taulo juu ya pampu. Ukibadilisha injini, kumbuka kwamba nambari yake imeandikwa kwenye logibuku, na kwenu Kenya mabadiliko hayo yanapaswa kupelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Na injini ya zamani usiiuze. Gari la 1972 lenye injini iliyozaliwa nayo ni jambo ambalo mnunuzi wa baadaye ataliulizia kabla ya kuuliza bei.

Ningekuwa wewe ningeanza na breki. Kalipa za mbele za Toyota Hilux ya 4x4 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, zenye pistoni nne na alama ya S12+8 iliyochorwa kwenye chuma chake, zinakaa kwenye mguu wa 240Z kwa boliti zilezile na zinatumia diski yako ya asili. Kazi pekee ni kukata kidogo bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski. Katika nchi zetu ambako Hilux imezaliana kama kuku, kalipa hizo unazipata bila kuagiza ng'ambo. Pistoni zake zinataka mafuta mengi ya breki kuliko za zamani, kwa hiyo pedali itashuka chini zaidi, na wengi huondoa hilo kwa kubadilisha masta silinda ya inchi 7/8 na kuweka ya 15/16. Lakini kabla ya hayo yote badilisha mipira ya breki. Ile ya zamani huvimba ndani na kuziba huku nje ikiwa bado inang'aa, na mimi niliwahi kulaumu kalipa miezi miwili kumbe ni mpira mmoja wa mbele kushoto uliokuwa haurudishi mafuta. Ngoma za nyuma nazo uzifungue uone kama silinda zake ndogo bado zinasogea. Ukiimarisha mbele peke yake huku nyuma kumeganda, utakuwa na gari linaloinamisha pua na kusimama palepale liliposimama zamani.

Z ya Mjomba (Nairobi)

Dada Bi Gia, umeniokoa na jeti kumi na mbili. Nimeamua: rilei kwanza, kisha mipira ya breki na kalipa za Hilux, na L28 ingoje mwaka kesho. Mipira yote minne nimeshaitoa. Mmoja wa nyuma niliupuliza kwa mdomo na hewa haikupita kabisa.

Mzee, umeuliza kuhusu tundu la reli. Lilikuwa limezibwa na kutu ya miaka, nikalizibua kwa keekee ya milimita 1.5. Valvu mbili za eksozi, ya silinda ya tatu na ya sita, zilikuwa zimekaza hadi 0.20, nimezilegeza zote kufikia 0.30.

Oili na Vumbi (Nakuru)

Milimita 1.5 inatosha. Ila zile valvu mbili zipime tena baada ya kilomita 500, gari likiwa na moto, na uandike vipimo kwenye daftari. Zikirudi 0.20 utakuwa umejua kwamba viti vyake vinazama, na hapo hedi itabidi ishuke iende kwa fundi wa mashine kabla hujafikiria L28 ya mtu yeyote.